Shajara ya mradi: msongo hafifu na nyuropeptidi kwenye ubongo wa panya

8 Januari. Swali

Tunataka kujua jambo moja. Panya akipata msongo mdogo tu, ule wa kuhamishiwa kwenye kizimba kigeni kwa nusu saa, kiasi cha nyuropeptidi kwenye ubongo wake kinabadilika vipi? Hatumfungi, hatumtii kwenye maji baridi, hatumpigi shoti ya umeme. Kwenye misongo mikali badiliko ni kubwa, utaliona hata ukipima ovyo. Kwenye msongo hafifu ni dogo, na mimi ndilo ninalolitaka, kwa sababu maisha ya kiumbe yeyote yamejaa misukosuko midogo kuliko majanga.

Nyuropeptidi ni minyororo mifupi ya asidi amino ambayo seli za neva hupelekeana habari kwayo. Tumechagua nne. CRF ina asidi amino 41, na ndiyo inayoamsha mfumo wa msongo: haipothalamasi, sehemu iliyo chini ya ubongo, huimwaga, tezi ya pituitari hujibu kwa kutoa homoni ya ACTH, nazo tezi zilizo juu ya figo hutoa kortikosteroni, homoni ya msongo. NPY ina 36, na mara nyingi huvuta upande wa pili, hutuliza. Dutu P ina 11, inahusika na maumivu na hofu. Met-enkefalini ina 5 tu, ni afyuni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe.

Dutu P ilianza kuonekana mwaka 1931 kwenye ubongo na utumbo wa farasi, enkefalini ikapatikana mwaka 1975 kwenye ubongo wa nguruwe, CRF mwaka 1981 kwenye haipothalamasi za kondoo, na NPY mwaka uliofuata, tena kwa nguruwe. Waliozitafuta walihitaji ubongo kwa wingi ili wapate tone. Sisi tuna kipande cha miligramu chache kutoka kwa panya mmoja, na tunataka kukilinganisha na cha panya mwingine. Nina hakika taabu yetu itakuwa hapo.

Shajara hii inaandikwa ili atakayetaka kurudia kazi asianzie pale tulipoanzia sisi. Hatua za kawaida nitazipita haraka.

29 Januari. Kibali na ratiba

Kamati ya maadili imeridhia panya 12 wa jaribio la awali. Wengine tutaomba kwa awamu, kwa maelezo. Kanuni ya Russell na Burch ya mwaka 1959 (tumia njia mbadala ukiweza, punguza idadi, boresha hali ya mnyama) tumeiandika ukutani juu ya meza ya kazi. Panya wanakaa wawili au watatu kwa kizimba, taa zinawaka saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni. Majaribio yote ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Panya ni kiumbe wa usiku, kortikosteroni yake hupanda kuelekea giza na huwa chini asubuhi. Ukimpima mmoja asubuhi na mwenzake jioni, unapima saa, hupimi msongo.

16 Februari. Kundi la udhibiti ambalo halikutulia

Jaribio la kwanza limeshindikana, na sababu yake ni sisi.

Panya 6 walikaa nusu saa kwenye kizimba kipya, kitupu, kisicho na matandiko. Wengine 6 walikuwa kundi la udhibiti, walibaki kwenye vizimba vyao. Kabla ya kugusa ubongo tulipima kortikosteroni ya damu ili tuthibitishe kwamba msongo umetokea kweli. Makundi mawili hayakutofautiana.

Nilidhani mwanzoni kwamba msongo wetu ulikuwa hafifu mno. Kisha nikatazama namba zenyewe, si tofauti zao. Zote zilikuwa juu. Waliopaswa kuwa wametulia walikuwa wamechachamaa sawa na wenzao.

Nikarudi kwenye daftari la siku ile. Saa tatu kasoro robo tulivuta vizimba vyote kwa toroli kutoka banda la wanyama, tukapita ukumbini, tukapanda lifti, tukaingia maabara ambako mashine ya kuzungushia sampuli ilikuwa inanguruma. Tukasubiri dakika kumi, tukaanza. Kortikosteroni huchukua dakika chache tu kuanza kupanda, na hufika kileleni takriban dakika 15 hadi 30 baada ya mshtuko. Kwa hiyo tuliwachukua panya wa udhibiti wakiwa karibu na kilele chao. Tulilinganisha msongo wa kizimba na msongo wa toroli.

Gharama: panya 12, wiki tatu, na kifaa kimoja kizima cha kupimia kortikosteroni. Hawa wanyama wamekufa na hawajajibu lolote, na hilo limenikaa moyoni. Ubongo wao tumeugandisha, tutaufanyia mazoezi ya kukamua peptidi ili angalau tusichukue wengine kwa kazi hiyo.

11 Machi. Kuwazoesha

Aliyetuelekeza ni mzee anayewatunza wanyama, ambaye yuko nao kila siku kuliko sisi sote. Nilipomweleza yaliyotokea alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu,” akasema, “wewe unaona kazi inaanza saa tatu. Wao inaanza pale wanaposikia magurudumu ya toroli.”

“Sasa tufanyeje, Mzee?”

“Walale hapo hapo unapotaka kuwatumia. Na uje uwashike kila siku, hata siku usiyo na shida nao. Asijue kwamba mkono wako ni mkono wa balaa.”

Tumefanya hivyo. Chumba kidogo kando ya maabara kimegeuzwa kuwa chumba cha panya, na wanahamia humo siku saba kabla. Kila asubuhi namshika kila mmoja dakika mbili, nampima uzito, namrudisha. Siku ya kwanza walikojoa mkononi na kukaza mwili. Siku ya tano mmoja alilala kwenye kiganja, pua ndani ya mkono wa koti. Mwenye kuwashika ni mtu mmoja tu, koti ni lile lile. Mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil mjini Montreal ilionyesha kwamba harufu ya wanaume pekee, hata iliyoachwa kwenye fulana, inatosha kuwapandishia panya msongo. Kama zamu zetu zingebadilika katikati ya jaribio, tungeliharibu bila kujua.

Kosa la pili tulilikuta tulipopima upya kortikosteroni za panya waliotulia, safari hii kwa damu kidogo ya mkiani bila kuua. Panya wa kwanza kutolewa kizimbani alikuwa chini. Wa pili alikuwa juu kidogo. Wa tatu alikuwa juu kabisa. Walikuwa wanasubiri zamu, mwenzao ameondolewa, harufu imebadilika, kifuniko kimefunguliwa mara mbili. Mtu angeweza kuwatenga mmoja mmoja kila kizimba, lakini upweke nao ni msongo kwa panya, na si mdogo. Tulichoamua ni hiki: wawili kwa kizimba, na siku ya kazi wote wawili wanatolewa kwa wakati mmoja na watu wawili. Kuanzia kifuniko kinapoguswa hadi damu inapopatikana zisizidi dakika tatu. Mwenzangu wa kazi naye akaanza kuwashika kila siku kama mimi.

Gharama: wiki tatu na nusu, hakuna mnyama aliyekufa.

2 Aprili. Sauti tusiyoisikia

Kizimba kimoja kilikuwa kinatoa namba za juu kila mara, hata tulipobadilisha panya waliomo. Kilikuwa kwenye rafu ya juu upande wa kushoto. Masikio ya binadamu hayafiki mbali zaidi ya kilohezi 20, ya panya hufika karibu 80. Tuliazima kipokezi cha sauti za popo, kile kinachoshusha sauti za juu hadi tuzisikie. Nilipokisogeza kwenye rafu kikatoa mlio mkali, mfululizo, ukitoka kwenye taa ya mrija iliyokuwa nusu mita juu ya kizimba. Kwetu chumba kilikuwa kimya kabisa. Taa imebadilishwa. Namba za kizimba kile zimeshuka na kuwa kama za vingine.

Nashauri kila anayefanya kazi hii apite na kipokezi hicho chumbani mwake kabla ya jambo jingine lolote. Ni kazi ya nusu saa.

23 Aprili. Dakika zinazofuata kifo

Sasa tumeingia kwenye ubongo wenyewe, na hapa ndipo nilipokaribia kuandika matokeo ya uongo.

Panya 6 wa udhibiti na 6 wa msongo, kortikosteroni safari hii zimeachana vizuri. Ubongo ulitolewa, ukawekwa kwenye sahani ya chuma juu ya barafu, nikachambua sehemu nne za ubongo, haipothalamasi, amigdala, hipokampasi na striatamu, kwa wembe na kibano, kila kipande kikaingia kwenye barafu kavu. Met-enkefalini ya haipothalamasi ikaonekana imepungua sana kwa panya wa msongo. Tulifurahi. Nilikuwa nimeshaanza kuchora grafu.

Kilichonizuia ni picha ya spektrometa ya tungamo, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, kila aina ikionekana kama kilele. Badala ya nyuropeptidi chache zilizosimama wazi, nilikuta msitu wa vilele, na vingi vilikuwa vipande vya himoglobini na vya protini nyingine kubwa za seli. Vipande hivyo havikuwemo kwenye ubongo hai kwa wingi ule. Moyo ukisimama, vimeng'enya vya kukata protini havisimami. Vinaendelea kukata, protini kubwa zinageuka makombo, na nyuropeptidi zenyewe nazo zinakatwa. Barafu inapunguza kasi yake, haiizimi.

Nikafungua daftari la saa. Panya wa udhibiti nilikuwa nimewachambua wa kwanza, kwa wastani wa dakika 5 kila mmoja. Wa msongo walifuata, mkono umechoka, wastani ukafika dakika 9. Tofauti ya enkefalini niliyoifurahia ilifuata dakika za uchambuzi vizuri kuliko ilivyofuata msongo. Ndani ya kundi la udhibiti peke yake, aliyechelewa kuchambuliwa alikuwa na kidogo kuliko aliyewahi.

Ili tusibaki kwenye kudhani, tulichukua ubongo wa panya watatu wa mradi mwingine waliokuwa wanauawa kwa ratiba yao, tukaugawa nusu kwa nusu. Nusu moja iligandishwa mara moja, nusu ya pili iliachwa mezani dakika 10. Ni ubongo ule ule, wa mnyama yule yule, ila picha zake zilitofautiana kama za wanyama wawili. Nusu iliyokaa ilijaa makombo ya protini, na enkefalini ilikuwa imefifia.

Gharama: panya 12 tena. Wiki nne. Na grafu moja ambayo nimeibandika ukutani chini ya kanuni ya Russell na Burch, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: dakika, si msongo.

21 Mei. Moto badala ya barafu

Barafu ikishindwa, kinachozima vimeng'enya ni joto. Kimeng'enya kikipashwa ghafla hadi nyuzi 95 hukunjuka na hakikati tena, hata ukikirudisha kwenye joto la kawaida. Peptidi fupi haziharibiwi na joto la muda mfupi.

Ipo mikrowevu maalumu inayoelekeza nguvu zake zote kichwani na kumuua mnyama kwa sekunde moja hivi, huku ikizima vimeng'enya papo hapo. Ni njia nzuri kuliko zote, ila mashine hiyo hatuna. Msomaji asithubutu kutumia ile ya jikoni kumuulia mnyama: haina nguvu wala mwelekeo, na huo ni ukatili mtupu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutumbukiza vipande vya ubongo kwenye maji yanayochemka. Makombo ya protini yalipungua kweli. Lakini enkefalini nayo ilipotea, na ilinichukua siku tatu kufikiri jambo lililokuwa wazi: ilikuwa imeyeyukia kwenye maji tuliyoyamwaga. Tulipopima maji ya kipande kilichofuata tuliikuta humo. Iliyokimbia zaidi ni enkefalini yenye asidi amino 5, NPY na CRF zilibaki kwa kiasi kikubwa zaidi. Mtu asiyepima maji angeandika kwamba peptidi fupi ni chache kwenye ubongo.

Jaribio la pili lilikuwa kwa mashine ya maabara jirani, inayobana tishu kati ya sahani mbili za moto ndani ya mfuko usio na hewa. Hakuna maji, hakuna cha kuvuja. Ubongo mzima tuliouweka ulitoka umebanwa na kupanuka, na amigdala sikuiona tena ilipo. Tishu iliyopikwa hubadilika rangi, ile mistari myeupe ninayoifuata kwa jicho hupotea, na kipande kinakuwa kigumu kama yai lililochemshwa.

Suluhisho lililokaa ni la kati. Ubongo mzima unaingia kwenye kalibu la chuma lenye mifereji, unakatwa vipande vya unene wa milimita 4 kwa nyembe tatu kwa mpigo mmoja, kila kipande kinaingia mfukoni mwake na kubanwa na sahani kwa upole. Ukikipata kipande kilichopikwa unaweza kukichambua taratibu, hata saa nzima, maana saa imeshasimamishwa. Ugumu umerudi mwanzoni: kutoka kukata kichwa hadi sahani kufungwa zisizidi sekunde 90. Tulifanya mazoezi kwenye wanyama wa ratiba za miradi mingine. Mara ya kwanza sekunde 240. Mara ya kumi na moja, 85.

Kila sampuli sasa ina namba ya sekunde zake, na kila sampuli inachunguzwa makombo ya himoglobini. Yakizidi kiwango tulichokiandika mapema, sampuli inatolewa kabla hatujajua ni ya kundi gani.

18 Juni. Asidi, plastiki na oksijeni

Kukamua peptidi kutoka kwenye tishu kulitupatia makosa matatu, nayo yote yalionekana kama matokeo ya kibaiolojia.

La asidi. Tulisaga tishu ndani ya asidi ya moto, tukiamini joto na asidi vitafanya kazi pamoja. Vinafanya, ila pamoja vinakata pia kiungo kati ya asidi ya aspatiki na prolini, na hivyo kuzaa vipande vipya ambavyo havikutoka kwa kimeng'enya chochote. Sasa ni maji ya moto kwanza, rojo lipoe kwenye barafu, halafu asidi baridi.

La plastiki ndilo lililonifundisha zaidi. Tulitengeneza myeyusho wa dutu P wa viwango vinavyojulikana ili kupata mstari wa kulinganishia. Viwango vya juu vilikaa pale pale vilipotakiwa. Vya chini vilizama, na cha mwisho kilisomeka kama maji matupu. Tulilaumu kingamwili, ile protini ya kwenye kifaa cha kupimia inayoinasa peptidi, tukafungua kifaa kingine, hali ikawa ile ile. Hatimaye mwenzangu akauacha myeyusho kwenye mrija usiku kucha, asubuhi akaumimina kwenye mrija mpya, akapima: umepungua. Akaumimina tena kwenye wa tatu: umepungua tena. Dutu P ina chaji chanya, hujishika kwenye kuta za plastiki, na kioo si nafuu kwake. Peptidi ikiwa nyingi, kuta hushiba na hasara haionekani. Ikiwa chache, kuta huichukua karibu yote. Hatari yake ni kwamba hasara hailingani: sampuli yenye kidogo hupoteza sehemu kubwa kuliko yenye nyingi, na tofauti ndogo kati ya makundi hutiwa chumvi.

Tumehamia mirija isiyonasa, tumepunguza idadi ya kuhamisha kutoka tano hadi mbili, na sampuli za kupimwa kwa kingamwili zinapewa kidogo protini ya albumini ishike kuta badala ya peptidi. Za spektrometa hazipewi, maana albumini ingefunika kila kitu.

La oksijeni lilikuwa dogo lakini la hila. Met-enkefalini ina methionini mwishoni, na methionini hushika oksijeni kwa urahisi. Kwenye spektrometa kilele cha 574.2 kilikuwa kinapungua na kingine kinaota kwenye 590.2, tofauti ya 16, yaani atomu moja ya oksijeni. Kadiri sampuli ilivyoyeyushwa na kugandishwa tena, ndivyo kilele cha pili kilivyokua. Kingamwili yetu haikukitambua vizuri, kwa hiyo ilituambia enkefalini imepungua wakati ilikuwepo, imevaa vazi jingine tu. Sasa kila rojo linagawanywa mara moja kwenye mirija midogo, hakuna mrija unaoyeyushwa mara mbili, na vilele vyote viwili vinajumlishwa.

Gharama: wiki nne, vifaa vitatu vya dutu P, hakuna mnyama. Ubongo wa wale 12 wa Februari ndio uliobeba kazi hii yote, na umekwisha.

9 Julai. Kingamwili

Fupi. Sampuli ikipunguzwa makali mara mbili inapaswa kusomeka nusu. Za CRF hazikufanya hivyo, zilisomeka zaidi ya nusu, dalili kwamba mafuta na chumvi za tishu zinaingilia. Kusafisha kwenye safu ndogo ya C18, kichujio kinachoshika peptidi na kuachia uchafu, kabla ya kupima kumerekebisha. Pia tulitia kiasi kinachojulikana cha kila peptidi ndani ya rojo na kuona kinarudi kiasi gani. Usikubali namba ya peptidi yoyote usiyofanyia vipimo hivi viwili. Kingamwili ya Met-enkefalini tumeijaribu dhidi ya Leu-enkefalini, ambayo inatofautiana nayo kwa asidi amino moja ya mwisho, na inazitenganisha.

20 Agosti. Jaribio lenyewe

Panya 24, makundi matatu ya 8: udhibiti; nusu saa kizimba kipya kisha kuuawa mara moja; nusu saa kizimba kipya kisha dakika 90 za kupumzika nyumbani. Kila kizimba kiliwekwa kundini kwa kura. Siku nne za kazi, na makundi yote yanawakilishwa kila siku. Misimbo ya mirija iliandikwa na mtu asiyeshiriki kupima, ikafungwa kwenye bahasha.

Nimekaa nikiwatazama kwenye kizimba kipya, maana msongo huu lazima mtu aujue kwa macho. Dakika ya kwanza panya anaganda kwenye kona, tumbo chini, masharubu tu ndiyo yanayocheza. Kisha anatembea akifuata ukuta, bega likigusa plastiki, hakati katikati. Dakika ya kumi anasimama kwa miguu ya nyuma na kunusa ukingo. Kufikia ya ishirini na tano wengi wameanza kujisafisha uso. Hakuna aliyelia, hakuna aliyejificha kwa hofu ya kupindukia.

Mfuko mmoja ulipasuka ndani ya mashine ya joto. Sampuli hizo zimetolewa, wamebaki panya 23. Sekunde ndefu kuliko zote ilikuwa ya 93, tumeiandika na kuiacha ndani kwa kuwa makombo yake ya himoglobini yako chini ya kiwango.

1 Oktoba. Bahasha imefunguliwa

Kortikosteroni: udhibiti chini, kundi la mara moja juu, waliopumzika wamerudi karibu na udhibiti. Kwa mara ya kwanza tangu Januari naamini kwamba wale wa udhibiti walikuwa wametulia.

CRF ya haipothalamasi imepungua kwa kundi la mara moja na inarudi kwa waliopumzika. Ni badiliko dogo, panya wa makundi mawili bado wanapishana, ila mwelekeo uko siku zote nne. CRF ya amigdala sijaona tofauti. NPY ya amigdala inaonekana kushuka, lakini panya wawili ndio wanaoivuta, ukiwaondoa hakuna kitu, kwa hiyo sisemi kwamba imeshuka. Dutu P na Met-enkefalini: sijaona tofauti popote. Ile enkefalini iliyonifurahisha mwezi Aprili haipo.

Sasa tahadhari kubwa. Tumepima akiba, hatukupima kilichotumwa. Nyuropeptidi hutengenezwa kwenye mwili wa seli ya neva kama protini ndefu, hukatwa ndani ya vifuko, na vifuko husafirishwa hadi ncha ya neva. Vikishamwagwa, peptidi haivutwi irudi kama baadhi ya vipeleka habari vidogo. Inabidi mpya itoke mbali. Kwa hiyo ghala likipungua ndani ya nusu saa, maana ya karibu zaidi ni kwamba mali imetoka kwa kasi kuliko ilivyoingia, yaani CRF imemwagwa zaidi, si kidogo. Aliyezoea kusoma “kiwango kimeshuka” kama “mfumo umezimika” atasoma matokeo haya kinyume. Na peptidi ambayo haikubadilika inaweza kuwa haikuguswa, au ilitoka na kuingia kwa kasi sawa. Kipimo chetu hakiwezi kutenganisha hayo mawili.

22 Oktoba. Kupima kinachotoka

Tumeomba kibali cha hatua ya pili: kipimio chenye utando mwembamba kinachowekwa ndani ya ubongo na kuvuta majimaji taratibu wakati panya yuko macho, ili tuone CRF ikitoka. Upasuaji wenyewe ni msongo, kwa hiyo wiki moja ya kupona imo kwenye ombi, na kuwashika kila siku kunaendelea humo ndani.

Hatutamgusa mnyama kabla mrija wa kupitishia majimaji hayo haujathibitishwa. Leo asubuhi nimepitisha CRF ya kiasi kinachojulikana kwenye mrija mtupu, bila panya, bila ubongo, kwa kasi ile ile tutakayoitumia. Iliyotoka upande wa pili ni pungufu sana ya iliyoingia. Nimekata mrija vipande vifupi, nikasuuza kila kimoja kwa asidi, na CRF ikatoka kwenye kuta. Kesho tunajaribu mrija wa aina nyingine, mfupi kwa nusu, na albumini kidogo kwenye majimaji.